Sura ya Sita: Mji Wenye Mengi ya Kubishania

Katika miji mingi ya Italia kuna mtaa unaobeba jina la Kindu, mji wa mkoa wa Maniema nchini Kongo. Jina hilo halikufika huko kwa ajili ya bati la Kalima wala mpira wa Maniema Union. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za C-119 za jeshi la anga la Italia, zikiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu na mahitaji ya askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani mjini. Wanahewa walikuwa 13. Walikamatwa wakati wa chakula cha mchana, wakauawa. Miili yao ilipatikana Februari mwaka uliofuata, huko Tokolote, kandokando ya msitu. Mjini Pisa, kilikotoka kikosi chao, pamejengwa mahali pa kuwakumbuka, karibu na uwanja wa ndege. Kwa Mtaliano mwenye umri mkubwa, Kindu ni jina la msiba.

Waliowaua walikuwa askari wa jeshi la Kongo wa upande wa Stanleyville. Lumumba alikuwa ameuawa Katanga miezi kumi kabla, vita na Tshombe vilikuwa vinaendelea, na Mzungu aliyeshuka kwenye ndege ya kijeshi alidhaniwa kuwa mamluki wa Kibelgiji. Hayo yanalieleza jambo, hayalitakasi. Lakini sharti yasemwe, na mawe ya Pisa hayawezi kuyasema. Wanaoweza kuyasema kwa undani, wakitaja mtaa na mti na nani alikimbilia wapi siku ile, ni watu wa Kindu wenyewe.

Sura hii inahusu kazi hiyo: historia, lugha, fasihi, falsafa na dini zinapotoka darasani zikaketi na watu kwenye barza, parokiani, msikitini na redioni. Vitabu vya wafadhili huisifu kwa maneno matamu, kwamba inaleta mshikamano, kwamba inajenga amani. Sipingi matokeo, ila sababu inayotolewa naiona dhaifu. Inadhaniwa kwamba watu wakisomewa historia nzuri ya kwao watapendana. Mimi naona jamii hupata nguvu pale watu wake wanapopewa mahali pa kubishana juu ya mambo yao bila kupigana, na kitu cha kubishania kikiwa mbele yao, kiwe karatasi, kinyago, picha au sauti iliyorekodiwa. Na Kindu ina mengi ya kubishania kuliko miji mingi ya ukubwa wake.

Mji wenyewe ulizaliwa na njia. Reli kutoka Kindu hadi Kongolo ilikamilika mwaka 1911. Tangu hapo mzigo ulioshuka kwenye treni ulipakiwa melini kuelekea Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kwa kuwa kipande hicho cha mto Lualaba kinapitika. Wabelgiji wakaupa jina la Port-Empain, kwa heshima ya tajiri wa reli. Jina likafa, mji ukabaki. Walioujaza walitoka kila upande: Walega wa Pangi, Wakusu wa Kibombo, Wasongola wa Kailo, Wazimba wa Kasongo, Wabangubangu wa Kabambare, Wakumu wa Lubutu na Punia. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo mmoja, Alunguli iko ng'ambo, na mtu wa Alunguli akiwa na shughuli mjini huvuka kwa mtumbwi. Mchele na mafuta ya mawese huingia kwa baiskeli zinazosukumwa toka vijijini. Familia moja ina nyumba Mikelenge na makaburi Pangi. Kwa hiyo miradi inayogawanywa kuwa ya mjini na ya vijijini inakosea hesabu tangu mwanzo, kwani ugomvi wa shamba kijijini humalizikia kwenye kikao cha familia mjini, na porojo la mjini hufika kijijini kabla ya jioni.

Kabla ya kusema chochote juu ya miradi ya leo, ni haki kuanza na Walega, kwa sababu walikuwa na chombo cha namna hii kabla hakujawa na wilaya wala chuo. Walega hawakuwa na mfalme. Walichokuwa nacho ni bwami, chama chenye ngazi nyingi ambacho mtu alipanda kwa mwenendo, kwa msaada wa ukoo wake na kwa kujifunza. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume iliitwa kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na mwanamume hakuweza kufika juu peke yake. Mkewe alipaswa kupanda naye. Mafunzo yalikuwa methali, mamia kwa mamia, zikiimbwa na kuchezwa, na kila moja ikiwa na kitu chake: kinyago kidogo cha pembe au cha mti, kobe, gamba, unyoya, kucha. Kitu hichohicho kiliweza kubeba maana tofauti kulingana na aliyekishika na jambo lililokuwa mezani. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, iliyotumika kufundisha juu ya mtu anayeona pande zote. Sidhani kama chuo chochote cha siasa kimepata nembo nzuri kuliko hiyo.

Halafu ilikuwapo mutanga, kamba ya hekima. Ni kamba iliyofungwa vitu vidogovidogo, kila kimoja kikiita methali yake. Mzee anagusa kijiti. Aliyeketi mbele yake anatoa methali, mwingine anaipinga kwa methali ya kitu kilicho jirani, wa tatu anasimulia kesi iliyowahi kuamuliwa kwa methali ileile. Padri Georges Defour alizikusanya methali za kamba hiyo na kuzichapisha Bukavu katika miaka ya 1980, na kabla yake Daniel Biebuyck, aliyeishi miongoni mwa Walega miaka ya 1950, aliandika kitabu kikubwa juu ya bwami kilichotoka mwaka 1973. Tunachokijua kwa maandishi kinatokana kwa sehemu kubwa na watu kama hao. Lakini tuseme pia upande wa pili. Serikali ya kikoloni iliiogopa bwami, na mwaka 1948 ikaipiga marufuku. Vinyago vikatawanyika. Leo vingi viko Tervuren nchini Ubelgiji, vingine Los Angeles na New York, vimewekwa chini ya taa nzuri, na vyote vimenyamaza kwa kuwa aliyejua methali yake hayupo chumbani. Mjukuu wa kindi aliyezaliwa Kindu anaweza kuviona kwenye simu yake. Kuona picha hizo pamoja na mzee wa Pangi ambaye bado anajua angalau methali chache, tena mbele ya vijana wasio Walega wanaouliza maswali ya kukera, hiyo ndiyo ingekuwa programu. Haihitaji jengo.

Nenda sasa kusini, ukipanda mto, mpaka Nyangwe. Hapa mabishano ni machungu zaidi. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, amekwama kwa miezi akisubiri mitumbwi, siku ya soko ambalo wauzaji wake wakubwa walikuwa wanawake. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko. Waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama Lualaba walipokimbilia mtumbwini, walikadiriwa na wafanyabiashara wenyewe kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya mti wa hapohapo. Maandishi yakafifia hata yasisomeke. Mwaka 2011 timu ya wataalamu ikayapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, maneno yakatokea tena, nayo hayakulingana kila mahali na kile dunia ilichosomeshwa tangu 1874. Yanatia shaka, pamoja na mengine, juu ya mwenendo wa wapagazi wa Livingstone mwenyewe.

Shajara hiyo sasa iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuifungua. Ni hati ya Maniema, iliyoandikwa kwa wino wa Maniema, juu ya wanawake wa Maniema, kwa Kiingereza. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kazi moja tu kwa wanafunzi wa historia wa chuo cha ualimu cha ISP Kindu, ningechagua hii: waiweke shajara ya siku zile chache za Julai kwa Kiswahili cha kwao, waisome kwa sauti sokoni, wakianza na akina mama wanaouza, halafu wanyamaze na kusikiliza.

Upande wa pili una sauti yake, nayo iko kwa Kiswahili tayari. Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitawala Kasongo na njia zake, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa kazi ya Heinrich Brode. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu. Ndani yake anasimulia, bila haya, jinsi alivyoupata utawala wa Utetera: alimwambia mzee Kasongo Rushie kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke wa ukoo wao aliyetekwa zamani, na mzee, akifurahi, akamwachia kiti. Hebu wasomee kisa hicho watu wa Kibombo na Kasongo wakiwa pamoja. Mmoja atacheka na kusema yule alikuwa mjanja. Mwingine atasema huo ndio wizi wenyewe, na bado tunaulipia. Wa tatu, huenda shehe, atakumbusha kwamba kwa njia hiyohiyo ulifika Uislamu, ulifika mpunga na ikafika lugha tunayobishania kwayo. Na katika Maniema mjukuu wa Mwungwana na mjukuu wa aliyetekwa mara nyingi ni mtu mmoja. Babu mmoja alishika bunduki, bibi mmoja alifungwa mnyororo. Hotuba ya mkuu wa mkoa haiwezi kubeba jambo kama hilo. Kikao cha saa tatu kinaweza.

Je, kuna mahali pa jirani ambapo kazi ya namna hii imefanywa kweli, kwa Kiswahili, na wananchi wa kawaida? Ipo, tena Lubumbashi, reli hiyohiyo ikiendelea kusini kupita Kongolo. Mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki wa Université Laval ya Quebec, walianzisha mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi. Mji ulikuwa na vidonda. Miaka michache kabla, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakifia kwenye vituo vya treni. Kampuni ya Gécamines, iliyokuwa ikilisha, ikisomesha na kutibu familia nzima, ilikuwa imeporomoka. Watafiti hawakuja na kitabu cha majibu. Walikwenda majumbani kuuliza watu wanakumbuka nini na wamehifadhi nini. Wakaleta vitu vya nyumbani, picha za harusi na za kazini, michoro ya wachoraji wa mitaani. Maonyesho yakafanyika katika makumbusho ya taifa mjini humo, na kitabu kikatoka mwaka 2001 chenye neno la Kiswahili katika jina lake: Ukumbusho.

Kilichonivutia mimi katika mradi ule ni utaratibu kuliko maonyesho yenyewe. Kitu kilichowekwa kwenye meza ya makumbusho kilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa hai, na angeweza kuja kusema: hapana, haikuwa hivyo. Profesa alilazimika kujibu. Aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi aliyaona maisha yake yakihesabiwa kuwa historia, jambo ambalo shule haikumwambia hata siku moja. Mradi haukumaliza ukabila wa Katanga, na anayeuuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Ulichofanya ni kuweka mezani kumbukumbu ambazo kila kundi lilikuwa likizilea gizani peke yake.

Kindu haina makumbusho ya taifa, lakini ina walimu wa ISP na wa Chuo Kikuu cha Kindu, ina parokia, misikiti, na vyama vya akina mama vinavyokutana bila kusubiri mfadhili. Tatizo lake kubwa ni umbali. Barabara za mkoa zinajulikana. Kufika Kabambare au Punia ni safari ya kujipanga. Ndiyo maana redio ni lazima iingie katika hesabu.

Tanzania ilionyesha njia moja. Mwaka 1971, kwa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, ilianzishwa kampeni ya redio iliyoitwa Wakati wa Furaha, juu ya historia ya nchi. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Mpango ulikuwa rahisi: kikundi kinakutana mahali penye redio, kipindi kinasikilizwa pamoja, kijitabu kinasomwa na yeyote anayejua kusoma, kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi anauliza maswali, kikundi kinaamua kitafanya nini. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Lakini kampeni ilikuwa ya chama kimoja, na mtu aliruhusiwa kujadili namna ya kutekeleza kuliko kujadili kama jambo lenyewe lilifaa. Tuchukue mpango wao wa vikundi, kijitabu na redio, majibu tusiyachukue.

Kwa Kongo redio ina uzito wa ziada. Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata nchi ilikatwa vipande, mtu wa Kindu asijue jirani yake wa ng'ambo ya mstari wa vita anaishi vipi. Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, siku yalipofunguliwa mazungumzo ya Wakongomani huko Sun City, ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kusikia habari ileile pande zote mbili za vita kulikuwa jambo geni. Hata hivyo, habari hupita siku hiyohiyo. Kipindi cha redio kisichokuwa na kikundi kinachokaa baadaye chini ya mwembe kukijadili hupita vivyo hivyo.

Msomaji mwenye tahadhari atauliza: na tukifukua, si tutawasha moto? Swali lina haki yake. Redio ya RTLM nchini Rwanda ilirusha historia nyingi hewani mwaka 1993 na 1994, na ilikuwa historia ya kuua. Kivu ya Kaskazini ilikuwa na Barza Intercommunautaire, kikao cha wazee wa makabila kilichosaidia kutuliza mji na vijiji kwa miaka kadhaa tangu 1998, mpaka wanasiasa walipokiingia na kikavunjika kabla ya uchaguzi wa 2006. Tofauti ninayoiona haiko kwenye mada. RTLM ilisema na haikujibiwa. Barza ilijibizana, ikafa siku ilipoacha kujibizana na kuanza kutumwa. Hivyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ningeiweka hapa: asiyekubali kupingwa na aliyeketi mbele yake asipewe kipaza sauti. Ya pili ni kwamba mwanasiasa anayegombea asiwe mwenyekiti.

Mfano mdogo kutoka misitu ya Maniema yenyewe unasaidia. Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilitangazwa rasmi mwaka 2016, na kazi ya maandalizi ilikuwa na kituo chake Kindu. Wataalamu wa wanyama walikuwa na sababu zao, mojawapo ikiwa lesula, kima aliyetambuliwa na sayansi mwaka 2012, ingawa wawindaji walimjua siku zote. Lakini wataalamu walielewa kwamba ramani peke yake haitoshi. Katika vijiji vya msituni yalifanyika matambiko, mababu wakaombwa ridhaa juu ya msitu wao, wazee wakasema mbele ya watu wote mipaka ilipopita zamani na nani aliwinda wapi. Mtu wa mjini anaweza kuliona jambo hilo kama pambo la sherehe. Kwa kweli ilikuwa mahakama ya ardhi, kumbukumbu na dini kwa pamoja, na bila hiyo hifadhi ingekuwa karatasi ya Kinshasa tu.

Narudi kwenye lililo la haraka. Kindu ilitekwa na waasi wa Simba wa Nicolas Olenga mwezi Julai 1964, ikachukuliwa tena na jeshi pamoja na mamluki mapema Novemba. Katika miezi ile mji ulishuhudia mauaji ya pande zote, na kumbukumbu zake zimelala ndani ya familia, kila moja ikiwa na upande wake. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo alizaliwa mwaka 1949. Hatutakuwa naye kwa muda mrefu. Simu ya kawaida inarekodi sauti vya kutosha. Mwanafunzi mmoja anauliza, "Papa, siku Simba wanaingia wewe ulikuwa wapi?" kisha anamwacha aseme, mwenzake anaandika majina ya mahali. Kinachohitaji fikra zaidi ni utunzaji. Aliyesimulia apewe nakala yake na aambiwe wazi nani ataisikiliza, na aruhusiwe kufunga sehemu yoyote mpaka afe. Majina ya watuhumiwa yasirushwe redioni. Nakala moja ikae ISP, nyingine parokiani, ya tatu msikitini, ili siku moja chuo kikifungwa kwa mgomo au jengo likivamiwa, isipotee yote. Na Alunguli nayo ipate yake, wasilazimike kuvuka mto kwenda kusikiliza sauti za wazee wao.